Mahadhi Hukaa Wapi Wimbo Ukihama

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye ibada ya ndoa iliyojaza watu hadi nje ya milango, umeme ulikatika kwaya yetu ikiwa katikati ya ubeti wa pili. Kinanda kilinyamaza ghafla, feni zikaanza kupunguza mwendo, na mwalimu wetu, ambaye si mtu wa kutishwa na kukatika kwa umeme, akaendelea kupiga mkono kana kwamba hakuna lililotokea. Tulimaliza ubeti wa pili, tukaimba wa tatu, na kwa masikio yetu tuliimba vizuri kuliko mwanzo, kwa sababu sasa kila sauti ililazimika kuzisikiliza zenzake badala ya kukiegemea kinanda. Ubeti wa nne ulipoanza, umeme ukarudi. Mpiga kinanda akaweka vidole pale pale alipokuwa ameviondoa, na kanisa zima likageuza shingo, maana tulikuwa tumeshuka. Lau tungeshuka nusu toni kamili angetufuata kwa kubonyeza kitufe kimoja. Sisi tulikuwa tumeshuka kiasi cha kuangukia katikati ya funguo mbili, mahali ambapo kinanda hakina kibao. Akajaribu juu, akajaribu chini, kisha akaipakata mikono yake mapajani hadi wimbo ulipokwisha. Tulipokuwa tukivua majoho, mzee mmoja wa sauti ya nne alitangaza kwamba kwaya haikukosea lolote, aliyekosea ni kinanda.

Tulimcheka, lakini nimeyarudia maneno yake mara nyingi tangu siku ile. Kwa muda wa ubeti mmoja na nusu, kanisa lilikuwa na watu mia kadhaa, wengi wao wakiujua wimbo ule tangu utotoni, na hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba sauti zote tulizokuwa tukiimba si zile tulizoanza nazo. Wimbo ulikuwa umehama kutoka kwenye kila sauti yake ya awali, na bado ulikuwa ule ule. Basi kitu gani hasa kilikuwa kimebaki?

Kiswahili kina neno zuri kwa kitu hicho, nalo ni mahadhi, ingawa kila kundi la watu lina lake. Wanakwaya husema tuni. Vijana wa studio husema melodi, na mtayarishaji humwambia msanii aweke melodi kwanza, naye huingia kwenye chumba cha kurekodia akaimba silabi zisizo na maana yoyote juu ya biti hadi njia ya sauti ipatikane, ndipo maneno yatafutwe. Washairi na watu wa taarabu ndio waliolishikilia neno mahadhi, nami nitalitumia hilo kwa sababu lina upana ambao mengine hayana. Wimbo tunauimba, shairi tunalighani, maulidi tunayasoma, na adhana inaadhiniwa. Hakuna atakayesema kwamba mwadhini anaimba, na akisema atarekebishwa upesi. Hata hivyo mambo hayo yote manne yana mahadhi, na msikilizaji huyajua mahadhi mazuri na yale yaliyopwaya hata kama hajawahi kufundishwa muziki siku moja.

Mimi nilifundishwa muziki kwa nota za herufi, d r m f s l t, mfumo ulioanzishwa na Sarah Glover na kuenezwa na mchungaji John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, kisha wamisionari wakausambaza katika shule na makanisa ya Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alipotunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, aliuandika kwa nota za aina hiyo hiyo. Wanamuziki waliosoma nota za mistari mitano huzidharau kidogo herufi zetu, na kwa muziki wa ala nyingi wana sababu zao, lakini kuna jambo moja ambalo herufi hizi hulisema wazi kuliko mistari: d haina makao. Mwalimu huitoa kwa mdomo, juu au chini, kulingana na makoo ya siku hiyo, na kila herufi nyingine hujipanga kwa kuitazama hiyo. Tuseme d ya leo ina mitetemo 240 kwa sekunde; s itakuwa na 360. Kesho wengi wana mafua, mwalimu akaishusha d hadi 200, na s itakuwa 300. Namba zote zimebadilika, ila s imebaki kuwa mara moja na nusu ya d, na sikio la mtoto wa miaka minne huishika hiyo mara moja na nusu bila kujua kuhesabu.

Mwaka 1890 mwanafalsafa wa Austria, Christian von Ehrenfels, aliandika makala iliyotumia mahadhi kama mfano wake mkuu, na swali lake lilikuwa lile lile tuliloulizwa sisi na umeme. Ukiuhamisha wimbo, kila sauti yake inabadilika lakini wimbo unabaki. Ukizichukua sauti zile zile za wimbo ukazipanga upya, sauti zinabaki lakini wimbo unapotea. Kwa hiyo mahadhi hayawezi kuwa jumla ya sauti zake. Ni kitu kinachozaliwa kati ya sauti na sauti, katika hatua, kama ambavyo safari haimo katika vituo vya basi.

Wengi huishia hapo, wakisema kwamba mahadhi ni kupanda na kushuka kwa sauti. Hiyo ni nusu ya habari. Imba ngazi ya kawaida kwa kushuka, d' t l s f m r d, kila herufi kwa kipimo sawa. Hayo ni mazoezi ya koo, na hakuna aliyewahi kulizwa nayo. Sasa zichukue herufi hizo hizo nane, usibadilishe hata moja wala mpangilio wake, lakini ya kwanza uishikilie, ya pili uivute kidogo, ya tatu uidondoshe haraka, ya nne ukae juu yake kama mtu aliyefika, kisha uendelee kushuka kwa mwendo wa namna hiyo hadi chini. Ni Krismasi: huo ndio mwanzo wa «Joy to the World», unaoimbwa kila Desemba katika makanisa yetu kwa maneno ya Kiswahili. Tofauti yote kati ya mazoezi ya koo na shangwe ile imetokana na muda peke yake. Mdundo unaweza kuishi bila mahadhi, na ndiyo maana muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake gizani tunajua ni nani anayepita. Mahadhi, kwa upande wao, bila mdundo hayapumui.

Kuhusu maneno, mambo si mepesi. Kuna kiasi cha mahadhi ndani ya usemi wenyewe, na wataalamu wetu wa lugha walilitambua hilo walipochagua neno kiimbo, lililotoka moja kwa moja katika kuimba. «Amefika.» «Amefika?» Silabi ni zile zile na mkazo uko pale pale kwenye fi, kinachotofautisha taarifa na swali ni sauti tu. Hata hivyo Kiswahili, tofauti na ndugu zake wengi wa Kibantu, kimepoteza toni, yaani ule upandaji na ushukaji unaobadilisha maana ya neno, na kwa sababu hiyo maneno yetu yamekuwa huru kuvaa karibu mahadhi yoyote. Huo ndio msingi wa shairi la Kiswahili kama linavyoghaniwa. Chukua mshororo wa mizani, yaani silabi, kumi na sita, kwa mfano huu ninaoubuni hapa hapa, «Bahari imetulia, mashua zimeondoka», na mghani yeyote ataupachika kwenye mahadhi anayoyajua bila kupepesa macho, kwa sababu mahadhi hayo hayakutungwa kwa ajili ya mshororo huu. Yametungwa kwa ajili ya nane na nane, na yamekwisha kubeba maelfu ya mashairi kabla yake. Mara nyingi atairefusha silabi ya mwisho ya kila kipande, ile a na ile ka, mahali ambapo katika mazungumzo hakuna mkazo kabisa, ili kina kisikike, na hakuna atakayeona ajabu.

Uhuru huo una mpaka wake. Tenzi nyingi za kanisani zilifika na mahadhi kutoka Ujerumani na Uingereza, mengi yakiwa yameanza na silabi hafifu ikifuatiwa na pigo zito, na Kiswahili kikaingizwa humo kwa nguvu. Matokeo yake tunaimba «Ye-SUU», tukiliangushia jina uzito wote kwenye silabi ambayo kinywani mwetu ni nyepesi. Nimeimba hivyo maisha yangu yote na sikio langu limezoea. Lakini mtoto anapousikia wimbo wa namna hiyo kwa mara ya kwanza mara nyingi huimba neno jingine kabisa, alilojitungia, kwa sababu alichopewa hakifanani na neno analolijua. Katika lugha zenye toni hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa neno likipandishwa mahali linapopaswa kushuka linaweza kugeuka neno lingine. Katika lugha kama hizo mahadhi ya wimbo wa asili kwa sehemu kubwa yamekwisha kuamuliwa na maneno, na mtunzi hufanya kazi yake ndani ya nafasi iliyobaki.

Nikitaka kuonyesha mahadhi yanavyoweza kuhama, siendi mbali. Kenya ilipojiandaa kwa uhuru wa Desemba 12, 1963, kamati ya watu watano, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, ilikabidhiwa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa, na mahadhi waliyoyachukua yalikuwa ya wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, waliouimbiwa na Mzee Meza Moroa Galana. Jambo hilo hunishangaza kila ninapolifikiria. Kile ambacho mama alikitumia kumlaza mtoto, leo kinawasimamisha watu wazima, kofia mkononi, bendera ikipanda. Maneno yamebadilika, lugha imebadilika, bendi ya jeshi imeingia, sauti nne zimewekwa, mwendo umekuwa wa heshima, na bado tunaambiwa kwamba ni wimbo ule. Upande wetu wa Tanzania tuliyachukua mahadhi ya Sontonga mwaka 1961 kwa maneno ya «Mungu Ibariki Afrika». Zambia iliyachukua kwa maneno mengine. Afrika Kusini ikayaweka katika sehemu ya kwanza ya wimbo wake wa sasa mwaka 1997. Mtanzania akiyasikia uwanjani katika mechi ya Zambia husimama nusu kabla hajakumbuka kwamba si zamu yake.

Mifano hiyo ilinifanya niamini kwa miaka mingi kwamba mahadhi ni kitu kigumu kisichovunjika, kinachostahimili kuvuliwa kila kitu. Imani hiyo ilianza kulegea nilipoanza kuisikiliza taarabu ya Unguja kwa makini, tena nikiwa nimekaa karibu na wapigaji. Historia yake inasimuliwa kwamba ilianzia katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888 na kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi. Kilabu cha Ikhwani Safaa kikaundwa mwaka 1905, na mwaka 1928 Siti binti Saad akaenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Kilichonivutia mimi, mtu wa sauti nne, ni kwamba fidla, kanuni, filimbi ya nai na akodiani zote hupita katika njia moja. Hakuna anayeweka sauti ya pili. Kila mmoja anayapiga mahadhi yale yale, lakini mwenye nai anatangulia nukta moja, mwenye kanuni anayanyunyizia, mwenye fidla anateleza kutoka sauti moja hadi nyingine bila kuruka, na katika tofauti hizo ndogo mahadhi yanakuwa mapana bila kuongezewa kitu kutoka nje.

Halafu kuna maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Katika ile iitwayo rasti, sauti ya tatu ya ngazi, ile ambayo mimi ningeiandika m, haikai mahali pa m yangu. Imekaa chini yake kidogo, juu ya ile nyingine inayotoa huzuni, mahali pale pale ambapo kwaya yetu ilimpoteza mpiga kinanda. Udi, ala nyingine ya nyuzi, hauna vigawanyo shingoni, kwa hiyo kidole kinaweza kuipata. Kanuni ina vipande vidogo vya chuma vinavyoinuliwa na kulazwa ili kuipata. Kinanda cha kawaida, ambacho kimeigawa oktava, yaani kutoka d hadi d ya juu yake, katika hatua 12 zilizo sawa, hakina mlango wa kuingilia pale, isipokuwa kama ni cha aina iliyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu na mpigaji anajua kukiseti. Taarabu ya kisasa ilipokikumbatia kinanda, ilipata nguvu na ikapata vijana, na mimi si mtu wa kulalamikia vijana kucheza. Ila nyimbo nyingi mpya zimehamia kwenye maqamu zinazokubaliana na vibao vyeusi na vyeupe, na ile sauti ya katikati inazidi kuwa adimu.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hamu ya kuandika nota za wimbo wa bibi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Msambaa wa milima ya Lushoto, na alikuwa na wimbo mmoja wa kubembelezea ambao alitulaza nao wajukuu wote, akiwa amemfunga mtoto mgongoni na mikono yake ikichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa ameshafariki nilipoanza kazi hiyo, lakini kichwani kwangu ulikuwa mzima. Nilikaa na karatasi jioni tatu. Sehemu kubwa ilikubali kuandikwa, kwa kuwa wimbo unaanza juu na kushuka kwa hatua ndogo ndogo, kama pumzi inavyoisha. Mahali pawili palinisumbua. Kwanza, sauti moja aliyoirudia mara kwa mara haikuwa m wala haikuwa chini yake kwa nusu toni kamili. Nikaandika m, na juu yake nikachora mshale mdogo unaotazama chini. Pili, kila mwisho wa mstari alikuwa akisubiri kidogo, na urefu wa kusubiri kwake ulitegemea mtoto amelegea kiasi gani mgongoni. Sikujua alama ya jambo hilo. Nikaandika mapigo manne.

Binamu yangu, anayefundisha kwaya Morogoro, aliiomba karatasi hiyo. Kwaya yake haikuwa na Wasambaa, kwa hiyo akatunga maneno ya Kiswahili, mazuri kabisa, kuhusu mama na mtoto, akaongeza sauti ya pili, ya tatu na ya nne, na baada ya miezi miwili akanitumia rekodi kwenye simu. Waliimba safi. Mshale wangu hawakuuona, au waliuona wakadhani ni kosa la kalamu, na m yao ilikuwa imenyooka kama ya kinanda. Mapigo manne yalikuwa manne kamili kila mwisho wa mstari.

Nilimpelekea mama simu akiwa amekaa barazani. Aliisikiliza rekodi hadi mwisho, kichwa kikitikisika taratibu, kisha akanirudishia.

«Wimbo mzuri,» alisema. «Wa wapi?»

Nikamwambia ni wa bibi. Akanitazama kama ninayemtania. Ndipo nikauimba mwenyewe, bila maneno, kwa midomo iliyofungwa, polepole, na sikuwa nimemaliza hata mstari wa kwanza alipoanza kunifuata kwa maneno ya Kisambaa. Tulipofika mwisho wa mstari nilitaka kuendelea, akaniinulia mkono nisubiri. Tukasubiri. Kisha akashusha mkono, tukaingia mstari wa pili pamoja.

«Huo ndio wa mama,» alisema tulipomaliza. «Ule wa kwenye simu siujui.»

Karatasi ya nota bado ninayo. Mapigo manne nimeyafuta, na mahali pake pako wazi.